Uhuru Park: Maoni ya Wageni Yanavyofika Kwenye Bajeti

Jumapili alasiri, baada ya ibada na chakula cha mchana, familia huanza kushuka kwenye matatu katikati mwa jiji na kuvuka barabara kuelekea Uhuru Park. Baba amembeba mtoto mdogo begani. Mama ameshika mfuko wenye chapati na chupa ya chai. Watoto wakubwa wametangulia mbio kutafuta bembea. Kwa familia nyingi za Eastlands, Kawangware, Kibra na Githurai, hii ndiyo safari ya mapumziko ambayo mfuko unaweza kuimudu. Gharama yake ni nauli na vitu vidogo vidogo vya kuwafurahisha watoto.

Jioni, njiani kurudi nyumbani, mazungumzo huwa ni yale yale. Mmoja anasifu miti na kivuli. Mwingine analalamikia foleni ya choo. Mwingine anauliza kama siku moja lango litawekewa kiingilio, na kama watoto wake watamudu kurudi. Hayo yote ni maoni, na ni maoni yenye thamani. Shida ni kwamba yakiishia ndani ya matatu hayabadilishi kitu.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo wageni wa bustani za familia huyataja mara kwa mara, sababu za baadhi ya kero kurudi hata baada ya ukarabati, na njia ambayo mkazi anaweza kuitumia kuyafikisha maoni yake mahali ambapo pesa hugawanywa.

Bustani iliyookolewa na maoni ya watu

Uhuru Park ilifunguliwa rasmi na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Ina ukubwa wa takriban hekta 12.9, kati ya eneo la Upper Hill na katikati mwa jiji, na Barabara ya Kenyatta inaitenga na Central Park. Tangu mwanzo ilikuwa mahali pa mambo mawili kwa wakati mmoja: familia kupumzika na taifa kukutana. Katiba ya sasa ilitangazwa rasmi papo hapo tarehe 27 Agosti 2010, mbele ya umati wa wananchi.

Wakazi wa umri mkubwa wanakumbuka kwamba bustani hii ilikaribia kupotea. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani yake. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, aliandika barua kwa ofisi mbalimbali za serikali na kwa mashirika ya nje akiupinga mpango huo. Alikejeliwa hadharani, hata Bungeni. Hakunyamaza, na mwishowe wafadhili walijiondoa na jumba halikujengwa. Miaka 15 baadaye, mwaka 2004, alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa na kufunga kula katika pembe ya bustani hiyo wakidai wana wao waachiliwe. Pembe hiyo inajulikana hadi leo kama Freedom Corner.

Uhuru Park si ya pekee iliyonusurika hivyo. Jeevanjee Gardens, iliyotolewa kwa wakazi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906, nayo ilikabiliwa mwaka 1991 na mpango wa kujengwa. Jamaa za mfadhili huyo na wakazi walipinga, na bustani ikabaki.

Historia hii ina uzito katika mjadala wa leo. Mkazi anayedhani kwamba maoni yake kuhusu bustani ni jambo dogo akumbuke kwamba nyasi anazokalia zingekuwa msingi wa jumba kama watu hawangesema. Hatari ya siku hizi inakuja taratibu zaidi. Bustani inaweza kupotea kwa kuachwa ichakae, au kwa kubadilishwa kidogo kidogo hadi wale waliojengewa washindwe kuingia.

Mwaka 2021 Uhuru Park ilifungwa kwa ukarabati mkubwa. Kazi hiyo ilianza chini ya Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, iliyokuwa imekabidhiwa baadhi ya majukumu ya kaunti mwaka 2020. Majukumu hayo yaliporudi, kazi ya kuitunza bustani nayo ilirudi kwa kaunti. Kufungwa kwa muda mrefu kuliwafanya wakazi wengi wahisi pengo lililobaki. Ndiyo maana swali la utunzaji linaulizwa kwa sauti kubwa zaidi sasa.

Mambo matano yanayotajwa na wageni

Ukikaa katika bustani yoyote ya umma jijini siku ya mapumziko, utasikia mada zinazojirudia.

La kwanza ni vyoo na maji. Mzazi aliyekuja na mtoto wa miaka mitatu hawezi kukaa bustanini zaidi ya saa moja kama hakuna choo safi karibu na mahali pa kunawa mikono. Wengine wako tayari kulipa kidogo mradi choo kiwe safi. Wengine wanasema choo ndani ya bustani ya umma kisilipiwe. Kuna pia wanaotaka sehemu ya kubadilishia watoto nepi na choo ambacho mtu anayetumia kiti cha magurudumu anaweza kuingia.

La pili ni usalama. Wageni wanataka taa za kutosha, askari wanaoonekana, na njia ya haraka ya kutoa taarifa mtoto anapopotea katika umati wa sikukuu. Akina mama husisitiza zaidi njia za kutokea jioni kuelekea vituo vya matatu. Kwao, usalama wa bustani haukomi langoni.

La tatu ni michezo ya watoto. Bembea, mteremko, boti na majumba ya hewa ya kurukia ndivyo vinavyowavuta watoto. Pia ndivyo vinavyochakaa upesi. Bembea moja iliyokatika mnyororo huweza kukaa miezi bila kurekebishwa, na mtoto haelewi maana ya utepe uliofungwa kuizuia.

La nne ni wachuuzi na wapiga picha. Wapo wageni wanaosema bustani bila mahindi ya kuchoma, njugu na aisikrimu haina ladha. Wapo wanaosema wachuuzi wakizidi, hakuna pa kutandika shuka. Kwa upande wa wachuuzi wenyewe, bustani ni mahali pa kazi. Wapiga picha wa Uhuru Park wamesomesha watoto kwa picha za familia zilizosimama mbele ya ziwa, na kazi yao imebanwa tangu kila mgeni aanze kubeba kamera ndani ya simu.

La tano ni mustakabali: bustani ibaki wazi na ya bure, au iwe na michezo mingi ya kisasa na kiingilio? Hapa ndipo maoni yanapogawanyika zaidi, na tutarudi kwenye swali hili hapa chini.

Kwa nini nyasi hazidumu

Mgeni anayeona kipara mahali palipokuwa na nyasi huenda akadhani mtunza bustani amelala. Mara nyingi sababu ni nyingine. Maelfu ya miguu inapopita mahali pamoja, udongo hushindiliwa hadi maji na hewa vishindwe kupenya. Mizizi hufa, na mvua ikija maji hutiririka juu badala ya kuingia ardhini. Kumwagilia peke yake hakutoshi. Udongo unapaswa kutobolewa au kulimwa juujuu, nyasi zipandwe upya, na sehemu hiyo ipumzishwe kwa wiki kadhaa. Hii ndiyo maana ya kamba na mabango yanayoziba sehemu moja huku nyingine ikiwa wazi. Mgeni anayeruka kamba hiyo anarudisha kazi nyuma.

Ziwa la kutengenezwa kwa mikono nalo lina mahitaji yake. Maji yasiyozunguka huota mwani, hutoa harufu na kuzalisha mbu. Chupa ya plastiki iliyotupwa huziba mahali ambapo maji hupitia. Tope lililokaa chini lazima litolewe kila baada ya muda. Kazi hiyo haionekani na haipigwi picha ya uzinduzi, lakini isipofanywa boti hazitasafiri.

Vyombo vya michezo vinahitaji nidhamu ya ukaguzi. Viwango vinavyotumika kimataifa kwa viwanja vya watoto vinataka ngazi tatu: kuangalia kwa macho mara kwa mara, hata kila siku pale penye watu wengi, ukaguzi wa uimara wa viungo, minyororo na bolti kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na ukaguzi kamili mara moja kwa mwaka. Jambo lingine ni sakafu. Mtoto anayeanguka kutoka kwenye bembea huumizwa zaidi na ardhi ngumu kuliko na bembea yenyewe. Mchanga mlegevu wa kina cha takriban sentimita 30, au mpira maalumu, hupunguza madhara hayo. Mchanga hutawanyika, hivyo lazima uongezwe. Mzazi akiona mchanga umeisha chini ya bembea, hiyo ni hoja ya kuripoti siku hiyo hiyo.

Kujenga ni mara moja, kutunza ni kila siku

Wageni wengi huuliza: iweje bustani ikarabatiwe kwa pesa nyingi, kisha baada ya muda ikose sabuni? Jibu liko katika namna bajeti ya kaunti inavyopangwa.

Matumizi ya kaunti yamegawanywa katika mafungu mawili makubwa. La kwanza ni la maendeleo: kujenga ukuta, kuweka njia, kununua bembea. La pili ni la kawaida: mishahara ya watunza bustani na walinzi, maji, umeme, sabuni, mbegu za nyasi, vipuri. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti, kwa kipimo cha miaka kadhaa, iende kwa maendeleo. Lengo la sharti hilo ni jema, kwamba pesa zisiliwe zote na mishahara. Lakini fungu la kawaida ndilo linalobeba utunzaji, na humo bustani inashindana na dawa za zahanati, mafuta ya magari ya taka na mishahara.

Matokeo yake ni kwamba ni rahisi zaidi kumwomba mwanasiasa bembea mpya kuliko kumwomba fundi wa kuikaza bolti bembea iliyopo. Bembea mpya ina siku ya kuzinduliwa. Bolti haina. Mkazi anayetaka bustani idumu anapaswa kuuliza maswali mawili kwa kila mradi: utagharimu kiasi gani kujengwa, na utagharimu kiasi gani kila mwaka kutunzwa? Swali la pili lisipojibiwa, mradi huo bado haujakamilika hata kama umezinduliwa.

Jiji lina mfano wa kutafakari. Michuki Park, kando ya Mto Nairobi, ilisafishwa mwaka 2008 kutoka kuwa mahali pa taka na maficho ya wahalifu. Baadaye hali ilizorota, na mwaka 2020 ikalazimu ikarabatiwe tena. Kila ukarabati wa pili ni gharama ya utunzaji iliyokosekana baada ya ule wa kwanza.

Kiingilio: hoja za pande zote

Je, wageni walipe langoni? Wanaounga mkono wana hoja nzito. Kiingilio kidogo hupunguza msongamano, huleta pesa za kutunza, na humfanya mgeni athamini mahali. Wanatoa mfano wa Msitu wa Karura, ambao husimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu pamoja na jumuiya ya wakazi. Huko wageni hulipa, na msitu uliokuwa ukiogopwa sasa umejaa familia na wanaokimbia asubuhi.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Familia ya watu sita inayotoka mtaani tayari imelipa nauli ya kwenda na kurudi. Ukiongeza kiingilio kwa kila kichwa, mzazi ataamua kubaki nyumbani. Watoto watacheza barabarani, na bustani iliyojengwa kwa pesa za umma itabaki ya wale wenye uwezo wa kwenda kwingine.

Kati ya pande hizo mbili kuna jambo la kisheria ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema kwamba pesa zote zinazokusanywa na kaunti huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria. Maana yake ni kwamba shilingi unayolipa langoni haibaki langoni. Huingia katika kapu moja na ada za maegesho na kodi za ardhi, kisha hugawanywa na bajeti. Anayesema yuko tayari kulipa mradi pesa zitumike kutunza bustani anapaswa kudai jambo la ziada: mfuko maalumu wa umma unaoanzishwa kwa utaratibu wa sheria na kuidhinishwa, ambao hesabu zake hukaguliwa. Bila hilo, kiingilio kinaweza kukusanywa vizuri na choo kikabaki bila maji. Mwaka 2025, pale Karura, mabadiliko ya namna ya kulipa kiingilio yalizua upinzani mkali. Hofu ya wakazi haikuwa kulipa. Walihofia kwamba pesa hazingerudi msituni.

Zaidi ya hayo, Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa au kubadilishwa bila sheria. Kwa kaunti, viwango vya ada hupitia Mswada wa Fedha wa Kaunti, ambao lazima umma ushirikishwe kabla haujapitishwa. Kwa hiyo mtu akikutoza pesa mahali pa umma, una haki ya kuuliza ada hiyo iko katika sheria gani, na kupewa risiti.

Ipo pia njia ya katikati: lango libaki bure, lakini huduma mahususi kama boti, michezo ya mashine na maegesho zilipiwe. Njia hii inamlinda mgeni asiye na pesa huku ikileta mapato kwa anayetaka zaidi. Ina hatari moja. Michezo ya kulipia ikizidi kupanuka, nyasi za bure hupungua. Wanaoiunga mkono watake mpaka uandikwe: ni sehemu gani ya bustani haitakodishwa kamwe.

Bustani ya nani?

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la bustani za kaunti, fuo na vifaa vya burudani. Kifungu cha 62 kinaweka wazi kwamba serikali ya kaunti huishikilia ardhi ya umma iliyokabidhiwa kwa niaba ya wakazi. Kaunti ni mdhamini. Mwenye mali ni mkazi.

Umiliki huo una pande zake. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote pa umma kwa njia inayofaa. Njia isiyo na ngazi pekee, bango linalosomeka na choo kipana ni haki yake. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukutana na kuandamana kwa amani bila silaha, na Uhuru Park imebeba mikutano hiyo kwa miongo mingi. Baadhi ya wazazi wangependa bustani iwe ya watoto tu. Wengine wanasema kuiondolea Uhuru Park mikutano ni kuiondolea jina lake. Yote mawili yanaweza kukaa pamoja iwapo kalenda ya matukio itatangazwa mapema, waandaaji watabeba gharama ya kusafisha na kurekebisha, na sehemu ya watoto itatengwa isikanyagwe.

Kwa wachuuzi, ubishi hupungua pale idadi inapokubaliwa, sehemu zinapochorwa na vibali vinapotolewa kwa uwazi. Kuwafukuza wote huwafanya warudi kwa mlango wa nyuma. Kuwaachia wote huifanya bustani kuwa soko. Wachuuzi walio na kibali na kitambulisho wanaweza hata kuwa macho ya ziada ya usalama, kwa kuwa wako pale kila siku.

Mgeni naye ana wajibu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini chupa na makopo bado huachwa kwenye nyasi. Mti uliochongwa jina la mpenzi huingiwa na magonjwa kupitia kidonda hicho. Kila saa ambayo mfanyakazi anaokota taka ni saa ambayo hakukaza bembea.

Maoni hupita wapi

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Anayelalamika mwezi wa Julai kwamba bustani haikutengewa pesa amechelewa. Kalenda ya kisheria iko hivi:

Kufikia tarehe 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti. Hapa ndipo miradi ya mwaka unaofuata hutajwa kwa mara ya kwanza. Jambo lisilotajwa hapa hupata shida kuingia baadaye.

Kufikia tarehe 28 Februari, Taarifa ya Mkakati wa Fedha huwasilishwa. Hiyo huweka kikomo cha pesa kwa kila idara. Anayetaka fungu la utunzaji liongezwe aseme hapa.

Kufikia tarehe 30 Aprili, makadirio ya bajeti hufika Bungeni, na kamati ya bajeti husikiliza umma. Hapa mistari ya bajeti husomwa mmoja mmoja.

Juu ya mipango hiyo ya kila mwaka kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti wa miaka mitano. Ule wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mpango mpya utakapoandikwa, itakuwa nafasi ya kuamua Uhuru Park, City Park na bustani ndogo za mitaani ziwe za namna gani.

Nje ya kalenda hiyo, kuna milango mingine mitatu. Kero ya kila siku, kama taa iliyozima au bembea iliyokatika, ipelekwe kwa msimamizi wa bustani au msimamizi wa wadi. Jambo kubwa zaidi linaweza kupelekwa kama ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti, chini ya Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Mkazi mmoja anaweza kuwasilisha ombi, hata bila wakili. Mlango wa tatu ni wa habari. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba nakala ya mkataba, ratiba ya ukaguzi au hesabu za matumizi. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na ofisi husika hupaswa kujibu ndani ya siku 21. Usipojibiwa, Tume ya Utekelezaji wa Haki hupokea malalamiko.

Maoni yanayofanyiwa kazi

Afisa anayepokea maoni mia moja hushika kwanza yale yanayoeleweka. Kuandika kwamba bustani ni chafu kunaonyesha hasira, lakini hakumwambii mtu aanzie wapi. Maoni yenye nguvu hutaja mahali, siku na saa, kilichoonekana, aliyeathirika na kinachoombwa. Kwa mfano: kwamba Jumapili saa tisa alasiri choo cha wanawake karibu na lango fulani hakikuwa na maji, kina mama wenye watoto walikuwa kwenye foleni, na inaombwa tangi la akiba liwekwe pamoja na mhudumu siku za mapumziko. Ombi hilo lina gharama inayoweza kukadiriwa na mstari wa bajeti linapoweza kuingia.

Uzito huongezeka watu wanapojipanga. Kikundi cha wazazi wa mtaa, chama cha wapiga picha, shule au kikundi cha watu wenye ulemavu kikileta hoja moja iliyoandikwa, ni vigumu kuipuuza kuliko hoja za mtu mmoja mmoja zinazopingana. Aliyetoa maoni naye arudi kuuliza: yalipokelewa? Yakakubaliwa au kukataliwa? Kwa sababu gani? Kushirikisha umma kunakoishia kwenye kutia sahihi orodha ya waliohudhuria na kunywa soda hakujatimiza Katiba. Kaunti inapaswa kuwa tayari kujibu maswali hayo kwa maandishi.

Pia si kila ombi litakubaliwa. Pesa zina kikomo, na kila shilingi ya bembea ina zahanati inayoihitaji. Lakini mkazi anayejua kwa nini ombi lake halikupita mwaka huu anajua pia alisemeje mwaka ujao.

Watoto wanaokimbilia bembea Jumapili hawajui lolote kuhusu makadirio ya Aprili au Mswada wa Fedha. Wanachojua ni kama bembea inafanya kazi, na kama baba alisema leo wanaweza kwenda. Majibu ya maswali hayo mawili huamuliwa miezi mingi kabla, katika vikao ambavyo mara nyingi viti huwa vitupu. Tangazo la kikao cha umma likitoka katika wadi yako, nenda, na uyabebe yale mliyozungumza kwenye matatu.